BINTI WA KIFALME ALIYEJIPELEKA KWENYE KISU, NA NGARIBA ANAYEJIFICHA NYUMA YA SUNNA



Sifa zote njema anastahiki Allah, Muumba aliyemuumba mwanadamu kwa umbo lililo bora. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), jamaa zake na maswahaba zake.

Ndugu zangu, darsa ya leo ni ndefu na inahusu jambo la aibu kulitaja. Nitatumia lugha ya staha, lakini sitazunguka. Dini yetu haina haya katika kufundisha haki. Soma mpaka mwisho kabla hujaandika maoni.

Wiki iliyopita niliandika kuhusu ukeketaji wa watoto wa kike. Majibu yalikuja mengi. Mawili nimeyachagua kwa sababu yanawakilisha makundi mawili makubwa.

La kwanza liliandikwa na mzee wa heshima: kwamba masheikh tumeanza kutumiwa na mashirika, kwamba tohara ya binti ni Sunna, inamtuliza mwanamke na kumkinga na zinaa.

La pili liliandikwa na kijana aliyesoma: kwamba tatizo ni sisi Waafrika na sisi Waislamu, kwamba Ulaya walishauelewa mwili na nafsi ya mwanamke kwa sayansi zamani, kwa hiyo tuwaache masheikh na tukasome saikolojia.

Wote wawili nitawajibu kwa maisha ya mwanamke mmoja. Hakuwa Muislamu. Hakuwa Mwafrika. Alikuwa binti wa kifalme, tajiri, msomi, na jina lake halijafutika mpaka leo. Anaitwa Marie Bonaparte.

1. NI NANI HUYU?

Alizaliwa tarehe 2 Julai 1882 huko Saint-Cloud, karibu na Paris. Babu wa baba yake alikuwa Lucien, ndugu wa Napoleon yule mnayemsoma kwenye historia. Hiyo ndiyo nasaba. Utajiri ulitoka upande wa mama: babu yake mzaa mama, François Blanc, ndiye aliyelifanya jumba la kamari la Monte Carlo lijulikane dunia nzima. Vijana wangu wa kubeti, hapo mjue pesa za kamari huwa zinamfaa nani. Zinamfaa mwenye jumba na wajukuu zake.

Mama yake alifariki mwezi mmoja tu baada ya kumzaa. Mtoto akalelewa na bibi mzaa baba, mwanamke mkali, katika nyumba kubwa iliyojaa watumishi na isiyo na mama. Alikuwa na akili nyingi, akatamani kufanya mitihani kama vijana wa kiume, akakataliwa. Walihofia jina la ukoo.

Mwaka 1907 akaolewa na Prince George wa Ugiriki na Denmark, mtoto wa mfalme. Yeye alikuwa na miaka 25, mume 38. Wakapata watoto wawili, Peter na Eugénie. Kwa nje, kila kitu kilitimia: taji, mali, watoto, picha za harusi.

Ndani hapakuwa na kitu. Mume moyo wake ulikuwa mahali pengine, na tendo la ndoa kwake lilikuwa kazi ya kutimiza, basi. Mke akaishi miaka mingi bila kuonja raha ambayo Allah ameiweka baina ya mke na mume. Akaitafuta nje ya ndoa, hata kwa Aristide Briand, mwanasiasa aliyekuwa Waziri Mkuu wa Ufaransa. Hilo ni haramu na hatulipambi. Silitaji kwa kusengenya, ni mambo aliyoyaandika mwenyewe na waandishi wa maisha yake wakayachapisha. Nalitaja kwa sababu huko nako hakukipata alichokitafuta.

2. AKAAMUA KUTAFUTA JIBU KWA RULA

Sikiliza sasa, kijana wangu msomi.

Mwaka 1924 Marie Bonaparte alichapisha makala katika jarida la madaktari la Brussels. Hakutumia jina lake, aliandika kwa jina la bandia, A. E. Narjani. Alikuwa amekusanya vipimo vya wanawake 243. Alichopima ni umbali, katika maumbile ya mwanamke, kati ya kiungo kile kile ambacho ngariba wetu anakikata na njia ya uzazi. Hoja yake ilikuwa kwamba mwanamke asiyepata raha na mumewe, mara nyingi ni kwa sababu umbali huo umezidi. Na kama tatizo ni umbali, basi dawa ni daktari wa upasuaji akisogeze kiungo.

Hakuishia kuandika. Kati ya 1927 na 1931 alijilaza mwenyewe mezani, akapasuliwa mara tatu. Mara ya kwanza alimpasua daktari Josef Halban wa Vienna, mji uliokuwa kitovu cha elimu ya tiba wakati ule.

Matokeo? Hakupata alichokitafuta. Si mara ya kwanza, si ya pili, si ya tatu.

Ngoja kidogo hapo. Mwanamke ana mume asiyemtaka. Miaka inapita. Elimu kubwa kabisa ya Ulaya inakaa na kutafakari, kisha inasema: mleteni MKE tumpasue. Katika habari yote hii sijaona mahali ambapo mume aliitwa akaulizwa lolote.

Sasa niambie, mwanangu, hiyo sayansi ina tofauti gani na ngariba wetu? Vifaa ni safi, dawa ya usingizi ipo, nia ni kinyume chake, maana mmoja anataka kuongeza matamanio na mwingine anataka kuyapunguza. Lakini wazo lililo chini ni moja: kwamba shida ya mwanamke ni nyama, na nyama hurekebishwa kwa chuma.

Na usidhani ni yeye peke yake. Katika miaka ya 1860 daktari wa London, Isaac Baker Brown, alikuwa akiwakata wanawake kiungo hicho akidai anatibu kifafa na wazimu. Mwaka 1867 madaktari wenzake walimfukuza kwenye chama chao. London hiyo, siyo kijijini kwetu. Kwa hiyo anayedai kwamba kisu hiki ni cha Waafrika na Waislamu peke yao, hajasoma historia ya hao anaowasifu.

3. KUTOKA KWENYE KISU MPAKA KWENYE KOCHI

Mwaka 1925 Marie alikwenda Vienna kwa Sigmund Freud, mwanzilishi wa uchambuzi wa nafsi. Ndiyo ile tiba ambayo mgonjwa analala kwenye kochi, anazungumza kila kilicho moyoni, na daktari anasikiliza. Alikwenda kama mgonjwa, akaondoka mwanafunzi, akawa mwalimu. Mwaka 1926 alikuwa miongoni mwa waasisi wa chama cha kwanza cha fani hiyo mjini Paris. Akatafsiri vitabu vya Freud kwa Kifaransa, akatibu watu, akaandika vitabu vyake.

Uadilifu unatutaka tumpe kila mtu haki yake, hata tusiyekubaliana naye. Allah ametuamrisha hivyo katika Suratul Maida, aya ya 8, kwamba kuwachukia watu kusitufanye tuache kuwa waadilifu. Basi tuseme mema yake.

Manazi walipoingia Austria mwaka 1938, Freud alikuwa Myahudi mzee, mgonjwa wa saratani, na alikuwa hatarini. Mama huyu alitumia jina lake na fedha yake, akalipa kodi ambayo Manazi walimdai mzee kabla ya kumruhusu kuondoka, akampokea nyumbani kwake Paris akiwa njiani kuelekea London. Kabla ya hapo alikuwa amenunua barua za zamani za Freud. Freud akataka ziharibiwe, yeye akakataa, akazihifadhi, na leo watafiti wanazisoma. Mwaka 2004 Wafaransa walitengeneza filamu ya maisha yake, akaigiza Catherine Deneuve. Alifariki tarehe 21 Septemba 1962, na jina lake bado linatajwa.

Lakini kuna jambo moja linalotajwa zaidi ya yote. Imepokewa kwamba Freud alimwambia Marie kuwa, baada ya miaka thelathini ya kuchunguza nafsi za wanawake, bado hajaweza kujibu swali moja: mwanamke anataka nini?

Miaka thelathini! Wanawake wamelala kwenye kochi lake wakizungumza kila siku, naye bado anauliza. Weka swali hilo moyoni, tutalirudia.

Kwanza nikuonyeshe lilivyowadhuru watu wa nyumba hiyo hiyo. Ndugu wa mume wa Marie, Prince Andrew, alikuwa na mke aitwaye Alice. Walipofukuzwa Ugiriki, walikaa na watoto wao huko Saint-Cloud katika nyumba ya Marie. Ilipofika mwaka 1930 Alice akaugua akili, akapelekwa hospitali karibu na Berlin. Freud akaombwa ushauri. Ushauri uliotoka ni kwamba mayai yake ya uzazi yapigwe mionzi, ili matamanio yapoe. Moyo wa mwanamke unalia, wao wanachoma tumbo!

Mtoto mdogo wa kiume wa Alice, aliyekuwa akilelewa kwenye nyumba ile, ndiye Prince Philip. Ndiyo, yule yule mume wa Malkia Elizabeth aliyesimama Dar es Salaam Desemba 1961 kumwakilisha Malkia wakati Tanganyika inapata uhuru. Kwa hiyo hawa si watu wa hadithi za mbali. Walituletea bendera, na wengine wanataka watuletee na akili.

4. ALIPOTUULIZA SISI

Hapa ndipo habari inapotufikia Afrika Mashariki.

Freud ndiye aliyempa Marie kitabu cha Felix Bryk, mtafiti aliyewachunguza Wanandi wa Kenya. Bryk alidhani kwamba wanaume wa Kinandi wanawakeketa wanawake ili wawe wa kike zaidi na raha yao ihamie mahali panapomfaa mwanamume. Marie akavutiwa mno. Mwanamke aliyepasuliwa mwenyewe akataka kujua: je, Waafrika wanajua siri ambayo madaktari wa Vienna hawaijui?

Katika miaka ya 1930, kupitia mwalimu Bronisław Malinowski wa London, akakutana na mwanafunzi mmoja Mkikuyu. Mwanafunzi huyo ni Jomo Kenyatta, ambaye baadaye alikuwa Rais wa kwanza wa Kenya. Marie akamhoji juu ya kukeketwa kwa mabinti wa Kikuyu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, alipokimbilia Misri na kisha Afrika Kusini, akazungumza pia na wanawake wa Misri waliokeketwa. Mwaka 1948 akachapisha maandishi yake kuhusu jambo hilo.

Kenyatta naye alikuwa na vita yake. Mwaka 1929 wamisionari katika nchi ya Wakikuyu waliwataka waumini wao wauache ukeketaji au watoke kanisani, na wengi wakatoka, wakaanzisha shule zao wenyewe. Katika kitabu alichochapisha mwaka 1938 Kenyatta aliutetea kama nguzo ya kabila. Ukiangalia hasira yao kwa wakoloni, unaielewa. Lakini angalia nani hakuwepo mezani. Mwalimu wa Kizungu yupo. Mwanasiasa wa Kiafrika yupo. Binti wa kifalme yupo na maswali yake. Msichana wa miaka kumi na tatu anayelala damu zinamtoka, yeye hayupo. Mwili wake ni uwanja ambao wakoloni na wazalendo wanapigania heshima zao.

Na hivyo ndivyo ilivyo leo kwenye maoni ya ukurasa huu. Mzee anatetea mila dhidi ya mashirika. Kijana anatetea Ulaya dhidi ya masheikh. Msichana yuko wapi?

Nitakwambia aliko. Kuna dada mmoja ameniandikia ujumbe wa faragha, na nimebadilisha mambo ili asijulikane. Sisi wa Mafinga tunajua mji wetu ulivyo. Msitu wa Sao Hill, mbao, nguzo za umeme na barabara ya Tanzam vimetuletea watu wa kila mkoa, na kila mtu amekuja na mila zake. Dada huyu ameolewa kwenye ukoo unaokeketa. Binti yake ana miaka minane. Mama mkwe amesema likizo ya Desemba mtoto apelekwe kijijini, "akasafishwe". Baba wa mtoto amenyamaza. Dada ananiuliza: sheikh, nikikataa nitakuwa nimeasi dini?

HAPANA, dada yangu. Hutakuwa umeasi dini. Na sasa naongea na mzee aliyeniambia ni Sunna.

5. MZEE WANGU, SUNNA YA NANI?

Najua utasema vitabu vya madhehebu yetu ya Shafii vimetaja tohara ya mwanamke kuwa wajibu. Ni kweli, Imam Nawawi ameitaja hivyo. Sitaificha elimu ili nishinde mjadala. Lakini mwenye kuingia kwenye vitabu aingie mpaka ndani.

Kwanza, hadithi ya Umm Atiyya, ambayo watu huitegemea kuliko zote, Imam Abu Dawud aliyeipokea ameidhoofisha mwenyewe hapo hapo. Na hata ukiipokea, maana yake ni kumzuia mkataji asizidishe. Amri ya kukata haimo.

Pili, ile inayosema kwamba tohara ni sunna kwa wanaume na ni jambo la heshima kwa wanawake, wanazuoni wa hadithi wameidhoofisha pia kwa sababu ya msimulizi wake Hajjaj bin Artaa.

Tatu, ile ya tohara mbili kukutana inazungumzia lini josho linakuwa wajibu. Inataja hali iliyokuwepo kwa Waarabu, na kutaja siyo kuamrisha.

Nne, hakuna riwaya sahihi kwamba Mtume (S.A.W) aliwakeketa mabinti zake. Alikuwa nao wanne: Zaynab, Ruqayya, Ummu Kulthum na Fatima. Kama hili lingekuwa pambo la mwanamke Muislamu, nyumba ya Mtume ingekuwa ya kwanza kupambwa.

Wanazuoni wa zamani walitoa ijtihadi zao kwa elimu ya tiba ya zama zao. Hawakuwa na hospitali zinazoonyesha mwanamke aliyekeketwa akivuja damu wakati wa kujifungua, kovu likichanika, mtoto akifia njiani. Sisi tunazo. Na kanuni ya sheria yetu ni kutodhuru wala kudhuriana. Ndiyo maana Novemba 2006 wanazuoni walikutana Al-Azhar, Cairo, akiwemo Mufti wa Misri Sheikh Ali Gomaa, wakatamka kuwa kitendo hiki hakina msingi katika dini na ni madhara. Hao nao wanatumiwa na mashirika?

Kama bado una shaka, mzee wangu, tazama ramani. Morocco, Algeria na Tunisia ni nchi za Kiislamu kwa karne nyingi, na mila hii haijulikani huko. Njoo karibu zaidi. Zanzibar karibu watu wote ni Waislamu, na takwimu za kitaifa za afya zinaonyesha waliokeketwa huko hawafiki hata mmoja kati ya wanawake 100. Kwa Tanzania nzima, mwaka 2022 walikuwa 8 kati ya 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49, na mwaka 1996 walikuwa 18. Wanaokeketa wamo Wakristo, wamo wa dini za jadi, wamo Waislamu. Kule Dodoma na Singida wengine wanakata watoto wachanga kwa kudai wanatibu lawalawa, ugonjwa wa kawaida ambao dawa yake ipo zahanati. Sunna gani hii ambayo Unguja na Pemba hawaijui, inajulikana kwa asiyeswali hata Ijumaa?

Sema ni mila ya ukoo wako, tukujibu kama mtu wa mila. Usimbebeshe Mtume (S.A.W) kisu chako.

Ama kwamba kinamkinga na zinaa, hiyo ni dhana mbaya kwa Allah na kwa binti yako. Zinaa inakingwa na ucha Mungu, na malezi, na kuinamisha macho, na ndoa yenye raha. Na kuinamisha macho, katika Suratun Nur, wanaume ndio walioamrishwa kwanza. Mbona hujakata kitu kwa mwanao wa kiume ili atulie? Tohara yake haimwondolei raha yake, na wewe unajua hivyo.

6. MWANAMKE ANATAKA NINI?

Sasa turudi kwenye swali la Freud. Alilishindwa. Lakini ndugu yangu Muislamu, wewe hukulishindwa, wewe hukuulizwa tu kwa sababu hukufunguliwa kitabu. Mimbari nyingi zinamfundisha mwanamke haki za mumewe kuanzia Muharram mpaka Dhul-Hijja, na zikifika kwenye haki yake yeye, muda wa khutba unakuwa umekwisha.

Sikiliza basi.

Khawla binti Tha'laba alikwenda kwa Mtume (S.A.W) kulalamika kuhusu mume wake aliyemfananisha na mgongo wa mamaye. Allah akayasikia maneno yake, zikashuka aya za Sura yenye jina la malalamiko yake, Al-Mujadila. Hakuna aliyempima kwa rula. ALISIKILIZWA.

Mke wa Rifa'a, alipoolewa na mume wa pili, alikwenda mbele ya Mtume (S.A.W) akaeleza udhaifu wa mumewe kitandani, kwa ishara ya pindo la nguo yake. Mtume alitabasamu. Hakumwita hana adabu, wala hakuamrisha apunguzwe chochote.

Salman alipomtembelea ndugu yake Abu Dardaa akamkuta mke wake amejiachia, hana pambo, kwa sababu mume anafunga mchana na kuswali usiku kucha. Hakumlaumu mke. Alimrekebisha MUME, akamwambia mkeo ana haki juu yako. Na Mtume (S.A.W) akathibitisha kwamba Salman kasema kweli.

Umar alipomsikia usiku mwanamke akilalamikia upweke wa mume aliye vitani, alikwenda kumuuliza binti yake Hafsa: mwanamke anaweza kuvumilia muda gani? Akajibiwa miezi minne, na kuna riwaya ya sita, akawawekea askari kikomo. Kiongozi wa dola kubwa anabadilisha utaratibu wa jeshi kwa sababu ya haja ya mwanamke! Na Qur'an yenyewe, katika Suratul Baqara aya ya 226, imemwekea miezi minne mume aliyeapa kutomkaribia mkewe. Baada ya hapo arudi au aache.

Imam Ghazali katika Ihyaa ameandika zaidi ya miaka mia tisa iliyopita kwamba mume akishatimiza haja yake asimharakishe mkewe, amngoje naye atimize yake. Marie Bonaparte, na mali yake yote, alikosa mume wa kumfundisha maneno hayo machache.

Kwa hiyo kijana wangu, soma saikolojia. Siikatazi. Mwenye sonona aende hospitali, na kuzungumza na mtaalamu ni tiba. Lakini usisome kama mtu aliyetoka kwenye nyumba isiyo na kitu. Kilichomfanya Marie akumbukwe ni kwamba alithubutu kuuliza jambo ambalo wanawake wa tabaka lake walikufa nalo kifuani. Swali lake lilikuwa la haki. Jibu alilopewa lilikuwa kisu. Wewe una jibu lililo bora kuliko hilo, na ukoo wako unamshikia binti yako kisu kile kile. Hapo nani amepotea zaidi?

7. LA KUFANYA

Dada yangu uliyeniandikia: mtoto asisafiri Desemba. Mwambie mumeo asome andiko hili, au mje na mashahidi wa kiume na wa kike tuzungumze na mama mkwe kwa adabu, maana naye alifanyiwa na huenda anaamini anamtendea mjukuu wema. Akikataa kabisa, lipo Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, na ipo namba 116 ya kumsaidia mtoto, ni bure. Sheria ya nchi tangu mwaka 1998 inampa anayemkeketa msichana wa chini ya miaka 18 kifungo cha miaka 5 hadi 15. Kumripoti mtu kabla hajadhulumu ni kumsaidia yeye pia, kwa kumzuia mkono.

Wewe baba uliyenyamaza: wewe ndiye walii wake. Leo unajifanya hujui, kesho kiama utaulizwa kuhusu ulichochungishwa. Kumheshimu mama yako ni wajibu, kumtii katika kumdhuru mtoto si wajibu.

Nyie vijana mnaojiandaa kuoa: msiishie kuuliza mahari. Ulizeni haki za mke, zile za mchana na zile za usiku. Kina dada mna masomo na makungwi. Nyie mna nani, zaidi ya simu?

Na masheikh wenzangu wa Mufindi, Iringa, Njombe na Mbeya: likizo inakaribia. Khutba moja tu kabla ya shule kufungwa. Dakika kumi zinatosha kumwokoa mtoto mmoja.

Mzee wangu uliyeanzisha mjadala huu, nakuheshimu, na mlango wa kujibizana kwa dalili uko wazi. Lete hadithi sahihi, tuisome pamoja hapa hapa mbele ya watu. Ukikosa, basi mwache binti abaki kama Muumba alivyomuumba.

Ewe Allah, walinde mabinti zetu na kila kisu, chenye kutu na cha hospitali. Zijaze ndoa zetu huruma na mapenzi. Waponye waliokwisha kuumizwa, miili yao na nyoyo zao, na utupe ujasiri wa kuisema haki yako bila ya kumuonea haya mwanadamu. Aamin.

Mtumie aliye na binti. Hasa mtumie baba yake.

Wabillahi tawfiiq. Wassalaam alaykum warahmatullaahi wabarakaatuh.

Ndugu yenu katika imani, Mafinga.